Binti wa Mgane

Juu ya duka la Mzee Kailash,
Kingsbury Road,
London NW9.

22 Juni 2004

Mpendwa Dada Eufrasia,

Shikamoo dada yangu. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wote wa hapo Kigonsera. Goti linaendeleaje na baridi hii ya Juni? Linus aliniambia kwenye simu kwamba sasa unatembea bila fimbo. Nilifurahi, ingawa mdogo wetu huyo namjua, hupenda kunipa habari nzuri tu. Najua mko katikati ya kuchuma kahawa, na ukiona vibarua wanasuasua utaingia shambani mwenyewe. Tafadhali usiinue magunia. Waachie vijana.

Sisi huku hatujambo. Angel ni mzima, na amerefuka kwa namna ambayo ungeshangaa. Sketi ya shule niliyomnunulia mwaka jana sasa inamwishia juu ya magoti, na viatu vinambana. Mimi nami mwili ni mzima. Nilikuwa na kikohozi kilichonisumbua tangu Pasaka, lakini kimekwisha.

Uliniuliza kama nimezoea. Dada, sijazoea. Tangu Marcelina atutoke bado nalala upande wangu ule ule wa kitanda, ukutani kabisa, kama vile kuna mtu nitakayembana. Kutwa niko kwenye nyumba ya kutunzia wazee: nawaogesha, nawalisha, nawavalisha soksi, na wao wananisimulia habari za wake zao waliokufa. Nasikiliza, nasema pole, nahamia chumba kingine. Nikipanda basi kurudi, kila mtu kafunika uso kwa gazeti. Kuna siku niligundua kwamba wiki nzima neno la Kimatengo halijatoka kinywani mwangu. Nikasimama jikoni nikajisalimu mwenyewe, nisikie tu linavyosikika.

Angel anaelewa kila ninachosema kwa Kiswahili, lakini hujibu kwa Kiingereza. Tulikuja naye hajaanza kusema sawasawa, lugha ya huku ndiyo aliyoishika. Mama yake alikuwa akimkaripia mpaka ajibu kwa Kiswahili. Mimi nguvu hiyo sina. Kwa hiyo mezani tunakaa wawili na lugha mbili, na mara nyingi hatutumii hata moja.

Sasa dada, barua hii hasa ni juu ya safari ya Angel.

Sijasahau kikao cha nyumbani kwako tulipokwisha kumzika Marcelina. Mlisema, na wewe ndiye uliyesema kwa upole kuliko wote, kwamba mtoto wa kike hawezi kulelewa na mwanaume peke yake, tena ugenini. Arudi kwa shangazi yake. Mimi nikaomba mnipe muda. Siku ya Pasaka ulinipigia ukanikumbusha kwamba muda umepita, kwamba Septemba mtoto anaingia sekondari, na kwamba akishaingia sekondari ya huku hatarudi tena. Uliniuliza jambo moja ambalo sikuwa na jibu lake. Ulisema, "Siku akianza kuwa mwanamke, Telesphor, utamwambia nini?" Nikakubali. Nilisema shule zikifungwa Julai nitamleta, nitakaa wiki mbili, nirudi peke yangu.

Sikukubali kwa sababu ya uchovu tu. Niliona una haki. Mambo ya kike siyajui. Hata kusuka nywele nilijifunza kwa Mama Pramila, mke wa Mzee Kailash mwenye nyumba yetu. Hawa ni Wahindi wa kwetu kabisa. Mzee alizaliwa Songea, baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, na mkewe ni wa Tanga. Kiswahili chao kimekaa miaka thelathini bila kuguswa. Angel akitoka shule hupitia dukani kwao, hula chapati, hufanya kazi zake za shule nyuma ya kaunta mpaka nirudi. Bila wao ningekuwa nimemleta zamani.

Kwa hiyo nilikuwa nimekubali, nimeshaulizia na ndege, lakini Angel nilikuwa sijamwambia. Kila Jumamosi nilijisemea nitamwambia leo. Ikifika jioni najisemea bado kuna wakati.

Mwanzoni mwa mwezi huu Mama Pramila alinisimamisha pale dukani. "Baba Angel," akaniuliza, "Ijumaa ile ya baba, wewe unaenda shule au hapana?" Kumbe huku kuna Siku ya Akina Baba, Jumapili ya tatu ya mwezi wa sita, na darasa la Angel lilipewa kazi ya kutafuta habari za siku hiyo, ilianzia wapi, kisha Ijumaa kabla yake wawasimulie baba zao mbele ya shule nzima. Nilipomwuliza Angel kwa nini hakuniambia, aliinua mabega tu. Akasema alidhani nitakuwa kazini. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi nikamwambia tutakwenda maktaba pamoja. Tulikaa kwenye meza za watoto, magoti yangu yamegusa kidevu, tukasoma. Ngoja nikusimulie, maana na wewe unapenda habari za zamani.

Utauliza kwa nini wasitumie tu sikukuu ya Mtakatifu Yosefu ya mwezi wa tatu. Ni kweli, ziko nchi za Kikatoliki zinazowakumbuka akina baba siku hiyo. Lakini hii ya Juni ilitoka Marekani, na ilitokana na misiba. Mwaka 1907 mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka mahali panapoitwa Monongah, ukaua mamia ya wanaume kwa siku moja. Wengi wao walikuwa wageni, watu waliovuka bahari kwenda kutafuta kazi. Watoto zaidi ya elfu wakabaki bila baba. Mwaka uliofuata, katika mji wa jirani, mwanamke mmoja aliyekuwa amefiwa na baba yake mwenyewe aliomba kanisani ifanyike ibada ya kuwakumbuka. Ikafanyika mara moja tu. Haikurudiwa, ikasahaulika.

Angel aliposoma hapo alisema, kwa Kiingereza chake, "Basi hiyo ya kwanza ilikuwa ya baba waliokufa."

Nikamjibu ndiyo.

Ya pili ni ya huko huko Marekani, upande wa magharibi, mjini Spokane. Binti mmoja jina lake Sonora alikuwa kanisani mwaka 1909, padri wao, au tuseme mchungaji, akihubiri juu ya Siku ya Akina Mama. Sonora akajiuliza, je, akina baba? Baba yake alikuwa mwanajeshi wa zamani na mkulima. Mke wake alifariki akijifungua mtoto wa sita. Sonora alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa kike peke yake kati ya wavulana watano, na yule mgane akawalea wote sita palepale shambani. Sonora akawaendea wachungaji wa mji, akaomba siku ya kuzaliwa baba yake iwe siku ya akina baba wote. Wakamwambia muda ni mfupi, hotuba hawajaziandaa, wakaisogeza mbele mpaka Jumapili ya tatu ya Juni, 1910. Serikali yao haikuiweka rasmi mpaka ikapita miaka zaidi ya sitini, lakini Sonora aliiona, akiwa bibi kizee.

Nilikuwa nasoma hayo kwa sauti ya chini, kidole kwenye mstari. Neno la mgane nilimtafsiria Angel kwa Kiswahili, nikamwambia ni mwanaume aliyefiwa na mke. Akalirudia polepole. Kisha akaniuliza, "Ndugu zake hawakuja kuwachukua wale watoto?"

Nikasema, "Sijui. Kitabu hakisemi."

"Lazima walikuja," akasema. "Lazima kulikuwa na shangazi." Halafu, bila kuinua uso, "Yeye aliwaambia hapana. Wewe umeshasema ndiyo."

Dada, hapo ndipo nikaelewa. Siku ile ya Pasaka nilipokuwa nazungumza nawe kwenye simu, yeye alikuwa sebuleni anatazama televisheni. Nimekaa naye miaka yote hii ananijibu kwa Kiingereza mpaka nikasahau kwamba Kiswahili anakisikia. Alisikia kila kitu. Tangu Pasaka amekaa nacho moyoni, anakwenda shule, anarudi, anakula, ananiambia asante kwa chakula, huku akijua.

Mama wa maktaba akaja kutuambia wanafunga, tukarudisha vitabu, tukatembea mpaka nyumbani kila mtu na lake.

Kesho yake, baada ya misa, nilishuka dukani. Mzee Kailash alikuwa anapanga maboksi ya bamia. Nilimweleza, maana hapakuwa na mwingine wa kumweleza. Hakunipa ushauri. Alisimulia tu habari yake.

"Mimi ilikuwa na miaka saba," akasema. "Baba alisema Songea hapana shule nzuri. Akanipeleka Mombasa kwa kaka yake."

Nikamwuliza, "Walikutesa?"

"Hapana! Kula mzuri, kulala mzuri. Mke wa baba mkubwa alinipenda kuliko watoto yake. Mimi sikukosa kitu pale." Akachambua bamia mbovu moja akaitupa. "Miaka sita, baba akaja Mombasa. Alishuka kwenye basi. Mimi nikamsalimu vizuri, nikamwita bwana. Kama unavyoita mteja."

"Akafanyaje?"

"Akacheka. Halafu akaenda kutafuta mizigo yake juu ya basi. Alitafuta sana. Mzigo wenyewe ulikuwa mmoja tu."

Akaendelea na bamia zake. Mimi nikapanda ngazi.

Ijumaa nilibadilishana shifti na mwenzangu, nikaenda shuleni nimevaa koti la ile suti niliyomzikia Marcelina, maana ndiyo ninayo. Baba wengine walikuja na nguo za kazi, mmoja ana rangi mikononi. Tulikalishwa kwenye viti vya watoto. Nilikaa nyuma, peke yangu, na nikaona wengi wana wake zao pembeni wakiwashikia mikoba.

Watoto walisimama mmoja mmoja. Angel ndiye aliyepewa kusimulia ile ya Sonora. Alisimulia vizuri, sauti yake haikutetemeka. Mwishoni mwalimu alitaka kila mtoto aseme neno juu ya baba yake mwenyewe. Mmoja akasema baba yake anapenda Arsenal, watu wakashangilia. Mwingine akasema baba yake anakoroma. Ikafika zamu ya Angel.

Alisema, "Baba yangu alikuwa hajui kusuka. Sasa anajua, lakini mistari inapinda. Mimi naenda nayo shule hivyo hivyo."

Watu walicheka, tena kwa upendo. Yeye hakucheka. Akasubiri wanyamaze, akaendelea: "Vitabu vinasema Sonora alimwombea baba yake siku. Havisemi kama alimwuliza baba yake anataka nini. Mimi nafikiri angetaka watu wote wa nyumbani kwake waje wale chakula, asikosekane mtu." Akakaa.

Nilitazama sakafu. Mwanaume mwenye rangi mikononi alinigusa bega, simjui hata jina.

Tulipotoka tulisimama kituo cha basi. Hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo kikaoni kwetu hakuna aliyemwuliza, hata mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Angel, unataka kwenda kwa shangazi?"

Alifikiri. Nilidhani atasema hapana mara moja, lakini hakusema hivyo. Alijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake: "Nataka kwenda. Nataka kuona Mama alipolala. Nataka kumwona Shangazi. Halafu nataka kurudi na wewe." Kisha akauliza, "Nikirudi na wewe, Shangazi atabaki na nani?"

Dada, sikuweza kumjibu, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu.

Angel haji kukaa. Tutakuja naye Julai kama tulivyopanga, tutakaa wiki zile mbili, tutapeleka maua kaburini, kisha tutarudi pamoja. Nimekwisha kuamua, na uamuzi ni wangu. Mtoto hakunilazimisha.

Najua ninachokunyima. Linus amenieleza kwamba umepaka chokaa kile chumba cha upande wa jua, umeweka kitanda kipya na neti. Najua nyumba yako ilivyo kimya tangu shemeji alipofariki, na kwamba Mungu hakukujalia mtoto, na kwamba wewe ndiye uliyetulea mimi na Linus mama alipokuwa mgonjwa. Niliposema ndiyo siku ile ya Pasaka nilisikia sauti yako ikibadilika, ikawa kama ya msichana. Nisingeweza kustahimili kuisikia tena ikibadilika kurudi ilivyokuwa. Nisamehe, nimeona afadhali karatasi.

Wala sikudanganyi kwamba huku kila kitu sasa ni sawa. Jumapili yenyewe ya akina baba nilikuwa kazini. Nilipeleka chai kwa wazee, wengine watoto wao walikuja na kadi, wengine walikaa dirishani wamevaa tai tangu asubuhi wakitazama barabara, na hakuja mtu. Nilimfungua mmoja tai yake jioni. Nilirudi nyumbani nimechoka, nikamkuta Angel amepika wali umeungulia chini, tukala ule wa juu. Nyumba bado ni ile ile, Marcelina bado hayupo, na ile hofu uliyonitia bado ninayo. Lile swali lako la siku akianza kuwa mwanamke nimempelekea Mama Pramila, bila aibu. Ameniambia siku ikifika yeye yupo, na kwamba nitakachotakiwa mimi ni kutokimbilia chumbani kujificha. Hilo nadhani nitaliweza.

Siku hizi Angel amekuwa na mambo mengine: anajifunza kusema Kiswahili na Mzee Kailash pale dukani. Usishangae akisema "mimi ilikuja" na "kula mzuri". Usimcheke. Au mcheke, atapenda.

Nisalimie Linus na mkewe, waambie picha za ubatizo wa mtoto wao nimezipata na nimezibandika jikoni. Nisalimie Mama Gervais wa jirani, ambaye alikesha nasi kwenye msiba. Msalimie Paroko. Mzee Kailash anauliza kama lile jengo la duka la baba yake pale Songea bado limesimama. Linus akienda mjini atazame. Ukipita kaburini, ng'oa majani kwa niaba yetu, umwambie tunakuja.

Bwana akulinde shambani na nyumbani, akuponye goti, na akupe moyo wa kutukubali jinsi tulivyo.

Jumapili ijayo na kila Jumapili, mkishatoka misa, Angel atapiga kwenye simu ya Linus, na anayetafutwa ni wewe. Ameomba mwenyewe. Kama utakuwa bado umenikasirikia, usihangaike kuniuliza kwenye simu wala kunisalimia. Nitakuwa jikoni, sitasikiliza. Zungumza naye tu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda sana,

Telesphor